Mwaka Nilipokuwa Ulimi wa Bi Zuhura

Anayekwambia kwamba mkate wa kababu ni chakula cha haraka, huyo hajaula. Unaushika kwa mikono miwili, unainama mbele kidogo ili ukwaju usikuchafue kifuani, unatafuta pembe ya kuanzia, ndipo unauma, na ukishauma huna ruhusa ya kuzungumza mpaka umalize. Nimekula katika jiji hili tangu nikiwa msichana, nimeshaitwa bibi sasa, na katika mambo ninayoweza kuyatetea mbele ya yeyote bila kushusha sauti, hili la mkate wa kababu ni la kwanza. Vijana siku hizi wanakaa na simu zao wanagawa nyota: hapa tatu, pale nne na nusu. Mimi sijui nyota. Ninachojua ni kwamba kuna chakula unachokula ukamsahau aliyekuudhi asubuhi, na kuna chakula unachokula ukaanza kumkumbuka upya.

Wiki iliyopita simu iliita nikiwa nyumbani Kimara nachambua mchicha. Alikuwa Rahma, mjukuu wa Bi Zuhura, ambaye ndiye anaendesha duka la kababu la bibi yake pale Kariakoo. "Shikamoo Bibi Feli." Nikaitikia marahaba, nikauliza hali za nyumbani. "Wote wazima, ila Bibi ndiyo hayuko sawa. Usishtuke, si kuumwa sana. Sukari imepanda, daktari kamkataza kufunga. Basi tangu mwezi umeandama anajifungia chumbani. Jikoni haji, hataki hata kusikia harufu ya kitunguu." Nikamwuliza mwenyewe anasemaje. "Anasema nyumba hii haina kazi naye tena. Njoo basi Bibi Feli, labda wewe atakusikiliza." Nilibaki nimeshika mchicha mkononi. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimekutana, zinakwenda bega kwa bega kama zilivyokwenda mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini nikiishi ukuta mmoja na Bi Zuhura, na hata kabla sijamaliza kuosha mikono, mawazo yangu yalishafika Kariakoo.

Mwaka ule nilikaa kwa Shangazi Apolonia. Alikuwa na duka la sufuria la jumla, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka, na sijui kama kilistahili kuitwa changu, maana nusu yake ilikuwa kitanda na nusu iliyobaki sufuria zilizopangwa mpaka darini, kubwa chini, ndogo juu, na nikigeuka vibaya usingizini mifuniko ililia. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa matofali yenye matundu ya kupitisha hewa, na upande wa pili wa matundu hayo ulikuwa ua wa Mzee Awadhi, Mwarabu wa mtaani kwetu aliyekuwa akiuza kababu kwenye fremu ya mbele ya nyumba yao. Asubuhi sikuamshwa na jogoo wala na wapagazi waliokuwa wakisukuma mikokoteni nje. Niliamshwa na harufu ya giligilani na binzari nyembamba zikikaangwa kavu uani kwao. Mkewe, Bi Zuhura, ndiye aliyezikaanga na kuzitwanga, na mlio wa kinu chake ulikuwa ndiyo saa yangu.

Wateja wetu wakubwa walikuwa watu wa migahawa na mama lishe, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuwapelekea sufuria na kuwauliza wanahitaji nini tena. Mtu mwingine angeiona kazi hiyo ni ya kuchosha miguu. Mimi niliiona kama sherehe isiyokwisha, maana hakuna mpishi atakayekuacha uondoke na njaa umemletea sufuria mpya. Nilijua vijiwe vyote. Mchikichini, katikati ya mitumba, kulikuwa na mama mmoja aliyepika chapati zenye tabaka nyingi hadi ukizivuta zinafunguka zenyewe, akakuwekea maharage ya nazi pembeni, ukala umekalia robota la masweta, na sijawahi kukalia kiti kizuri kuliko hicho. Feri nilikuwa nakula samaki changu wa kukaanga nimesimama, chumvi na ndimu tu, basi. Anayemwekea samaki wa Feri rojo ya nyanya anaficha kitu, na hilo nimelisema mbele ya wakaangaji wenyewe wakanipigia makofi. Mtaa wa Gerezani palikuwa na supu ya kongoro ya alfajiri, sehemu ya wanaume pekee, lakini walinizoea, wakawa wanasogea kwenye benchi bila kuambiwa na mmoja ananisukumia pilipili. Na ilikuwepo hoteli moja ya chai, siitaji, ambayo maandazi yake yalikuwa makubwa kwa nje na ndani hewa tupu. Mpaka leo nina kinyongo nayo.

Lakini nikishazunguka kote huko, nilirudi kwa Mzee Awadhi. Mchana ulipoanza kupoa alikuwa anakaanga, na mbele ya fremu kulikuwa na benchi la watu waliokuja kula na kubishana, na wengine waliokuja kubishana tu. "Usinambie mimi habari za pilau, wewe umekulia wapi pilau?" "Nimekula kwao mke wangu!" "Aa, sasa kwao mke wako utasema mbaya?" Mzee Awadhi hakuingia katika ubishi. Alikuwa mtu mwembamba, kofia yake safi siku zote, na alikuwa na swali moja kwa kila mteja. "Felista, leo una njaa ya namna gani?" Kwake njaa zilikuwa tofauti. Kulikuwa na njaa ya kazi, njaa ya hasira na njaa ya uchoyo, na kila moja alijua kuitilia ukwaju na pilipili ya kadiri yake. Ukimjibu, anachukua mkate wa boflo, anaupasua ubavuni kwa kisu kimoja, anavuta kwa vidole viwili ule mnofu mweupe laini wa ndani ili kupata nafasi, anautupia kwenye bakuli la bati chini ya kaunta, halafu anapanga kababu, kachumbari, chatne ya nazi na ukwaju, anaufunga mkate na kuubonyeza kwa kiganja kama anayemtuliza mtoto. Nilikuwa nautazama mkono ule bila kupepesa macho. Njaa yangu karibu siku zote ilikuwa ya uchoyo, na yeye alilijua hilo kabla sijajibu.

Alifariki ghafla, kiasi cha miezi miwili kabla ya Ramadhani. Sitaki kukaa sana hapo. Nitasema tu kwamba mtaa wetu, ambao haukuwahi kunyamaza hata mvua ikinyesha, ulinyamaza siku ile, na kwamba Shangazi Apolonia, mwanamke asiyefunga duka hata akiugua, alifunga. Bi Zuhura aliingia eda. Akavaa nguo nyeupe, akakaa ndani, na kwa desturi yao asingetoka wala kuonekana mbele ya wanaume wa mtaani mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Mtoto wao mmoja wa kiume alikuwa Tanga kwa babu yake, anasoma. Fremu ikawa imefungwa, benchi likaondolewa, na alasiri zangu zikawa ndefu sana.

Ilikuwa siku chache kabla ya mwezi kuandama niliposikia mazungumzo kupitia matundu ya ukuta. Sikutega sikio, lakini chumba kile kilikuwa na masikio yake chenyewe. Alikuwa Ami Nassor, mdogo wake marehemu, mwenye duka la vitambaa, mtu mpole ambaye mtaa mzima ulimwita Ami. "Shemeji, sikufukuzi, Mungu aniepushe. Hapa ni kwako, utakaa mpaka uzeeni. Nazungumzia fremu ya mbele tu. Kuna mtu wa kuuza redio anaitaka." Bi Zuhura alijibu kwa sauti ndogo. "Na kababu?" "Kababu alikuwa Awadhi, shemeji. Awadhi ameondoka." Kisha nikasikia kinu kikisogezwa. "Viungo vilikuwa vyangu," alisema. "Miaka yote viungo vilikuwa vyangu. Nipe Ramadhani hii, Nassor. Mimi nitapika huku nyuma, wewe simama mbele uniuzie. Ikifika Idi watu wakiwa hawaji, funguo nakuletea mwenyewe." Ami Nassor alihema kwa nguvu, akasema haya. Nilikaa kitandani nimekumbatia magoti, nikimwombea mwanamke yule kwa watakatifu wote niliowajua, naye hata hakujua kwamba nasikia.

Siku ya kwanza ya mfungo watu walijaa. Kariakoo haimwachi mtu wake. Walinunua kababu za kufuturia, wakambariki marehemu, wakaenda. Kesho yake asubuhi nilisikia Ami Nassor akitoa taarifa uani. "Wamesema tamu." "Wamesemaje?" aliuliza Bi Zuhura. "Wamesema tamu, lakini kwa huruma." Muda si mrefu nikaitwa kupitia ukutani. "Wewe mtoto wa sufuria! Felista! Zunguka uje." Nikazunguka. Nilimkuta amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mweupe toka kichwani hadi miguuni, macho yamemwiva. Akanitazama usoni. "Mbona una masizi kwenye paji? Sufuria gani hiyo inayochafua?" Nikamwambia si masizi, ni majivu ya kanisani, maana siku hiyo ndiyo tulianza Kwaresima. Alitikisa kichwa, akili yake iko kwingine. "Sikiliza mwanangu. Mimi nimefunga, Nassor kafunga, nyumba nzima imefunga. Masheikh wanasema unaweza kugusisha ulimini ukatema, lakini mimi siuamini ulimi wangu. Halafu nikwambie siri." Akashusha sauti. "Mimi kababu sizipendi. Mimi mtu wa samaki. Nimetwanga viungo vya mume wangu maisha yangu yote na sijui kababu yake ilikuwa na ladha gani ilipofika mdomoni mwa mtu. Wewe ulikuwa unakula kila siku. Nilikuwa nakuona kwenye pazia, unakula mpaka unafumba macho. Niazime ulimi."

Nilitamani kulia na kucheka kwa pamoja. "Bi Zuhura," nikasema, "na mimi nimefunga nyama. Kwetu nyumba nzima, mpaka Pasaka. Shangazi ametuapisha." Alinitazama. Nikamtazama. Kisha kikaanza kicheko, sijui kilianzia kwa nani, tukacheka mpaka ikabidi ashike ukuta, na nilipoona machozi yanamtoka nilijua ndicho kicheko cha kwanza katika ua ule tangu mazishi. Alipojifuta akawa mtu mwingine kabisa, mkali. "Nenda. Siwezi kutafuta thawabu yangu kwa kukuvunjia wewe mfungo. Nenda mwanangu, Mungu atafungua njia." Nikaondoka. Lakini nilikuwa nimeyasikia yale ya fremu na mtu wa redio, na miguu yangu haikutaka kwenda.

Shangazi Apolonia nilimkuta anapanga mifuniko. Nilimweleza yote. Alikuwa Mkatoliki wa kwelikweli, mwanamke ambaye angeweza kumkatalia nyama askofu siku ya Ijumaa, kwa hiyo nilishajitayarisha kukaripiwa. Aliendelea kupanga mifuniko. "Kuonja si kula," alisema mwisho. "Huyo mama kakuomba ulimi, hakukuomba tumbo. Utaenda kila siku. Utaonja kipande cha kujaa ncha ya kidole. Kilichobaki utakiacha hapohapo kwenye sahani, hata kiwe kinanukia namna gani. Na ukijidanganya ukamaliza nitajua." Nikamwuliza atajuaje. "Nitakuangalia uso," akasema. "Wewe ukishiba kababu unakuwa na uso wa mtu aliyeposwa."

Basi kila alasiri nikawa nazunguka. Bi Zuhura alikataa mara ya kwanza, nikamweleza hukumu ya shangazi, akaifikiria, akasema mwanamke huyo angefaa kuwa kadhi. Aliniwekea kababu moja kwenye kisahani, moto bado, akasimama mbele yangu mikono kaifumbata. Nilimega kipande, nikatafuna polepole. Ilikuwa nzuri. Nyama laini, saumu ipo, tangawizi ipo. Mpishi mwingine yeyote ningemsifu. Lakini haikuwa ile. Nilimwangalia yule mama, nikaona jinsi anavyotaka nimwambie ndiyo, na ningeweza kumwambia, lakini mtu wa redio hakuwa mbali. "Bado," nikasema. Akaitikia kwa kichwa tu. Kesho yake akapunguza mdalasini. Bado. Akaongeza pilipili manga, akasaga nyama mara mbili, akabadilisha mafuta. Bado, Bi Zuhura. Bado. Akaanza kuniita Ulimi. "Ulimi kaja! Haya Ulimi, leo unasemaje?" Nami nikawa nachukia jibu langu mwenyewe kabla sijalitoa. Halafu kilichobaki kwenye kisahani kilikuwa kinanitazama. Watu hufikiri mfungo mgumu ni wa kutogusa kabisa. Sivyo. Jaribu kumega pembe ya kababu ya moto halafu ukaifunike iliyobaki kwa kawa, kila siku, ukiwa na miaka ishirini na njaa ya uchoyo. Sijapata kufunga Kwaresima kama ile, na hata leo padri akihubiri habari za kujinyima mimi huona kisahani kile.

Mbele, watu walianza kupungua. Ami Nassor alikuwa akisimama kwenye kaunta na kanzu yake nzuri, akipasua boflo kwa kisu kama anayepima kitambaa, na kila siku alirudi ndani na kababu nyingi zaidi kwenye sinia. Waliokuwa wateja wa marehemu walianza kwenda mtaa wa pili, kwa jamaa mmoja ambaye kababu zake nilizijua na nilizidharau kwa moyo wote, zilikuwa ngumu kama gololi. Wakipita mbele yetu na vifurushi vyake walinisalimia wakitazama pembeni. Bi Zuhura hakulalamika. Lakini asubuhi moja nilisikia kinu kimechelewa, na kilipoanza kilikwenda polepole sana.

Siku hiyo hiyo, karibu na mwisho wa mwezi, nilikuwa nimesimama nje ya duka letu nikihesabisha wapagazi mzigo wa masufuria, nikaona kunguru. Kunguru wa Dar hawana haya, wote tunawajua, lakini hawa walikuwa wamekusanyika mbele ya fremu ya kababu kama wamealikwa. Nikaangalia wanagombania nini. Ami Nassor alikuwa anapasua boflo, anavuta ule mnofu mweupe wa ndani, anautupa barabarani, na kunguru wanaurukia. Anapasua mwingine, anatupa. Nikasimama palepale. Maana enzi za Mzee Awadhi hakukuwa na kunguru mbele ya fremu ile. Hakuwa akiwatupia kitu. Niliuona ule mkono wake waziwazi, vidole viwili vyenye ukwaju na chatne vikivuta mnofu wa mkate na kuutupia kwenye bakuli la bati chini ya kaunta, mteja baada ya mteja, mpaka jioni bakuli limejaa. Na lile bakuli lilikuwa linakwenda wapi?

"Ami, usitupe!" Nilipiga kelele mpaka mpagazi akadondosha sufuria. "Ami, tafadhali, usitupe huo mkate!" Aligeuka ameshika kisu, ameshangaa. Nilikuwa nimeshazunguka uani. "Bi Zuhura, nyama unaishikiza kwa nini?" "Kwa mkate, kwani kwa nini? Naroweka mkate kwenye maji, nakamua, nachanganya." "Mkate gani?" "Mkate tu, mpya, nanunua asubuhi." "Na Mzee alikuwa anatumia upi?" Akafikiri. Mimi sikuwahi kuona mtu akifikiri namna ile. "Sijui," akasema. "Mimi nilikuwa namkabidhi nyama na viungo, yeye anachanganya mwenyewe kule mbele. Alisema wanawake wana haraka." Nikamwambia habari za bakuli. Mnofu wa mikate ya jana, wenye ukwaju, chatne, pilipili na maji ya kachumbari ya vidole vyake, ndio uliokuwa ukiingia katika nyama ya leo. Bi Zuhura alikaa chini taratibu juu ya mbuzi ya nazi. "Miaka yote," alisema. "Miaka yote nilidhani anawapa ndege." Halafu akainua sauti, yeye aliyekuwa hapazi sauti tangu afiwe, akaita kwa nguvu ikasikika mpaka barabarani: "Nassor! Leta kila ulichonacho, na uliyoitupa waombe kunguru!"

Kesho yake alasiri alinipa kisahani. Nilimega. Nilitafuna. Sikusema ndiyo, nilisahau kabisa kwamba ninatakiwa kusema. Nilichofanya ni kunyoosha mkono kuchukua kipande cha pili, na vidole vilikuwa vimeshaigusa kababu nilipomkumbuka Shangazi Apolonia, nikauvuta mkono na kuukalia. Bi Zuhura alikuwa anautazama mkono, si mdomo. "Basi," alisema. "Basi Ulimi, usiseme. Nimeona." Jioni ile adhana ilipotoka nilisikia kupitia matundu ya ukuta Ami Nassor akifuturu uani. Kisha nikasikia sauti yake, ndogo kama ya mtoto. "Shemeji. Hizi alizipika lini Awadhi?" Bi Zuhura akamwambia ni za leo. Upande wangu mimi nilikuwa nimekaa kati ya sufuria nalia kwa furaha.

Sitasema kwamba mtaa ulirudi wote kwa mara moja, lakini habari za chakula Kariakoo hazihitaji gazeti. Siku za mwisho za mwezi benchi lilirudishwa. Wabishi walirudi. "Nilisema mimi!" "Ulisema lini wewe, juzi tu nimekuona na kifurushi cha gololi!" Usiku wa kuamkia Idi mtu wa redio alitafutiwa fremu kwingine, na Ami Nassor ndiye aliyemtafutia. Baadaye kidogo Bi Zuhura alimaliza eda yake, akatoka mbele mchana kweupe, akasimama nyuma ya kaunta ya mumewe, akamwuliza mteja wa kwanza ana njaa ya namna gani. Nami kabla ya hapo, siku ya Pasaka, nilitumiwa kupitia kwa shangazi mkate mzima umefungwa kwenye karatasi, kababu zimejaa mpaka hazifungi. Niliula nimekaa kitandani, kwa mikono miwili, bila kumgawia mtu. Shangazi alichungulia mlangoni, akaniangalia uso, akasema, "Hongera, umeposwa."

Juzi nikaenda. Nyumba ile siku hizi ni ghorofa, chini fremu za vioo, na vijana wa bodaboda wamejipanga nje na masanduku mgongoni wakisubiri oda za Rahma. "Bi mkubwa, mambo?" mmoja akanisalimia, mwenzake akamkanyaga mguu, akajirekebisha, "Shikamoo." Nikapita jikoni kwanza. Rahma na wasichana wake walikuwa wamefunga wote, jasho linawatoka, na lile bakuli la bati lipo, limechakaa, juu ya meza ya chuma inayong'aa. Nikaomba kababu moja ya kwanza kabisa, kwenye kisahani. Nikamwambia Rahma asiendelee mpaka nimpe jibu, nikapanda nayo juu.

Bi Zuhura alikuwa ameketi kitandani anatazama dirisha. Amekuwa mdogo, lakini macho ni yaleyale. "Ulimi," alisema, akanipa mkono. Tulisalimiana, tukaulizana wajukuu, na nikamwuliza mbona hashuki. "Nishuke nikafanye nini? Watu wamefunga, mimi nimekaa nakunywa uji mchana kama mtoto. Fidia ya kulisha maskini nimetoa, lakini naona haya, Felista. Maisha yangu yote sijakula mwezi huu nikionwa na jua." Nilimwelewa. Sikumwambia kwamba Mungu anajua, maana aliyajua hayo kuliko mimi. Niliweka kisahani juu ya mapaja yake.

"Nini hii?"

"Bi Zuhura, jikoni wote wamefunga. Mimi nimefunga nyama mpaka Pasaka, na shangazi hayupo tena wa kunipa ruhusa. Rahma anakaanga kwa kubahatisha. Katika nyumba hii nzima kuna ulimi mmoja tu, hata kama ni wa samaki, na umejifungia chumbani."

Alinitazama sana. Nilidhani atakasirika. Kutoka chini tukasikia sauti ya Rahma ngazini, "Bibi, nijibuni basi, mafuta yanaungua!" Mlango ulikuwa wazi, na Bi Zuhura akautupia jicho la aibu. Nikavua kanga yangu ya juu, nikaitandaza mikononi, nikasimama kati yake na mlango. Nyuma ya kanga nikamsikia akisema bismillahi, kisha akitafuna, polepole, kwa meno machache yaliyobaki.

"Bado," alisema. Sauti ilikuwa ya mwanamke wa mbuzi ya nazi. "Rahma! We Rahma! Nani kakwambia utie mdalasini wote huo?" Na miguu yake ikaanza kupapasa chini ya kitanda, kutafuta ndara.